Songea Ilizima Dizeli, Lakini Bili ya Maji Haijaletwa

Sembe inayosagwa Mjimwema, Songea, leo inasagwa, kwa sehemu kubwa, na maji. Si zamani sana haikuwa hivyo. Mpaka mwaka 2018 Manispaa ya Songea ilikuwa nje ya gridi ya Taifa. Mashine za kusaga, mafundi wa kuchomelea, saluni na majokofu ya maduka ya dawa vyote viliishi kwa majenereta ya dizeli ya shirika la umeme, TANESCO, yakisaidiwa katika miaka ya mwisho na mtambo mmoja wa maji wa watawa. Mafuta ya majenereta hayo yalipanda malori na kusafiri zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, yaje yachomwe Songea ili mtu apate kuchaji simu.

Mwaka huo wa 2018 njia ya umeme ya msongo wa kilovolti 220 kutoka Makambako ilifika, ikiwa na urefu wa kilomita zipatazo 250 na vituo vya kupoza umeme Madaba na Songea. Serikali iliijenga kwa msaada mkubwa wa Sweden. Majenereta yakazimwa, na Songea ikaunganishwa na mabwawa ya nchi nzima.

Watu wengi waliona hapo ndipo habari ilipoishia. Dizeli ni ghali na ina moshi, maji ni ya Mungu na ni bure, basi tumeshinda. Mimi naona hesabu haijafungwa. Dizeli ilionekana barabarani: lori likichelewa, taa zinazima. Umeme wa maji hauna lori. Gharama zake kubwa ni mbili. Ya kwanza hulipwa kabla uniti ya kwanza haijauzwa, kwa zege, mabomba na mitambo. Ya pili iko mlimani, kwenye misitu na chemchemi, na hiyo hakuna anayeipeleka kwa mteja. Kwa kuwa hailetwi, hailipwi. Na isipolipwa muda mrefu, hurudi kwa jina la mgao.

Hesabu ya vitu viwili

Nguvu ya maji haitokani na wingi wake peke yake. Mto mpana uliolala tambarare unaweza kukosa faida yoyote kwa fundi umeme, na kijito kinachoanguka kwenye genge kikawasha kijiji. Kinachohesabiwa ni vitu viwili vikizidishwa pamoja: ujazo wa maji yanayopita kila sekunde, na kimo yanachoanguka.

Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Tani hiyo ikianguka mita moja katika sekunde moja, inatoa kilowati 9.8. Sehemu ya nguvu hiyo hupotea kwa msuguano ndani ya bomba, kwenye mtambo na kwenye jenereta, hivyo mhandisi mwangalifu hubakiza kilowati 8 hivi. Kanuni ya haraka ni hii: chukua mita za ujazo kwa sekunde, zidisha kwa mita za kimo, kisha zidisha kwa 8. Kijito kinachotoa nusu mita ya ujazo kwa sekunde kikianguka mita 20 kina kilowati 80. Mota ya mashine ya kusaga yenye nguvu ya farasi 30 inakula kilowati 22 hivi. Kijito hicho, basi, kinaweza kuendesha mashine tatu kwa wakati mmoja na kubakiza umeme wa taa.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoeleza tofauti ya mitambo yetu mikubwa. Kihansi, kule Milima ya Udzungwa, kinafua megawati 180 kwa maji machache sana, kiasi cha mita za ujazo 25 hivi kwa sekunde mitambo yote ikiwa kazini, kwa sababu maji yanashuka takriban mita 850. Kidatu kinafua megawati 204 kwa kimo cha mita 175 hivi, kwa hiyo kinahitaji maji zaidi ya mara tano ya hayo. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla megawati 2,115. Kimo chake si kikubwa kama cha Kihansi, ila kinachopita pale ni mto mzima.

Kimo ndicho kinachochagua tabaini, lile gurudumu la chuma linalozungushwa na maji. Pale maji yanaposhuka mamia ya mita, kama Kihansi, hutumika tabaini ya Pelton, yenye vikombe vinavyopigwa na maji yanayochomoka kwenye bomba kwa kasi kubwa. Kimo cha kati, kama Kidatu na Rufiji, ni cha Francis, ambayo maji huingia kwa pembeni na kutokea chini. Kimo kifupi chenye maji mengi ni cha Kaplan, inayofanana na pangaboi la meli. Ukimkuta mtu anauza tabaini moja kwa kila mto, mwulize alisomea wapi.

Safari ya maji yenyewe ni ya kawaida. Kwanza kuna banio, ukuta unaozuia mto na kuelekeza maji pembeni. Mlangoni kuna vyuma vilivyopangwa kama wavu vinavyozuia magogo, majani na mizoga. Yanafuata matangi mapana ya kutuliza mchanga, kisha bomba la mteremko, tabaini, jenereta, transfoma na nguzo. Tangi la mchanga ndilo linalosema ukweli kuhusu hali ya mlima. Mto ukiwa safi linafunguliwa na kusafishwa mara chache. Mto ukiwa mwekundu kwa udongo, kazi ya kulisafisha haiishi, na mchanga unaopenya unakwangua chuma cha tabaini kama msasa. Fundi anayeendesha mtambo huo anaweza kukwambia bila kutoka chumbani kwake kama watu wamelima kando ya mto mwaka huo.

Watawa waliotangulia

Ruvuma haikungoja gridi ili ijifunze umeme wa maji. Abasia ya Peramiho ilikuwa na mtambo mdogo wa kilowati zipatazo 35 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mitambo ya namna hiyo ilikuwa ya misheni, ikihudumia hospitali, karakana na shule, na kwa vipimo vya leo ni midogo mno. Ilifundisha, hata hivyo, jambo ambalo wakuu wa mipango walichelewa kuliamini: mito ya kusini inaweza kubeba kazi.

Walioonyesha hilo kwa kipimo cha mji ni Watawa Wabenediktini wa Mtakatifu Agnes wa Chipole. Mwaka 2015 mtambo wao wa Tulila, kwenye Mto Ruvuma, ulianza kufua umeme na kuuza kwa TANESCO. Una mashine mbili za megawati 2.5, jumla megawati 5. Zigawe kwa mota za kilowati 22 na utapata mashine za kusaga zaidi ya 220 zikizunguka kwa pamoja. Mbinga nako, Mbangamao, ulijengwa mtambo mdogo wa kampuni binafsi ukiuza umeme wake kwa TANESCO vilevile.

Ili kuona uzito wa kazi hiyo, tazama bei. EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ilikuwa imeweka utaratibu wa wazalishaji wadogo, wale wasiozidi megawati 10, wenye mkataba wa mfano na bei inayojulikana mapema. Bei zilikuwa mbili. Mwaka 2012, aliyeuza kwenye gridi ya Taifa alilipwa takriban shilingi 152 kwa uniti. Aliyeuza kwenye gridi ndogo iliyojitenga, kama ya Songea wakati ule, alilipwa takriban shilingi 480. Haikuwa zawadi kwa watu wa mikoani. Bei ya pili ilifuata gharama ambayo TANESCO iliiepuka, nayo ni gharama ya dizeli. Kila uniti iliyotoka mtoni ilizima kiasi fulani cha mafuta.

Na mteja wa Mjimwema hakulipa bei hiyo. Bei ya umeme nchini ni moja: anayenunua LUKU Songea hulipa sawa na anayenunua Kinondoni kwa kundi lake la matumizi. Tofauti ya gharama ilibebwa na shirika, maana yake na wateja wote nchini. Kwa miaka mingi, basi, mkazi wa Songea alitumia umeme ghali kuliko karibu mwingine wowote nchini bila kuona hata senti ya ughali huo kwenye risiti yake. Hapo ndipo tabia ya kutoulizana umeme unagharimu nini ilipoota mizizi.

Gridi ilipofika hesabu iligeuka. Uniti ya Tulila haizimi tena dizeli. Inashindana na uniti za mitambo mikubwa kama Kidatu na Kihansi. Kwa jicho la mhasibu, mtambo mdogo wa kijijini unaanza kuonekana kama anasa. Jicho hilo linakosea, na anayeweza kulisahihisha ni mwenye mashine ya kusaga.

Fezi, volti na mwisho wa njia

Ingia kwenye kibanda cha mashine jioni, baina ya saa moja na saa tatu usiku, wakati kila nyumba imewasha taa, televisheni na pasi. Mota ya mashine inataka umeme wa fezi tatu, volti 400 kati ya fezi na fezi. Umeme ukiwa na nguvu, inanyanyuka kwa mlio mmoja, mkanda unakaza na pumba zinaruka. Volti zikishuka, mota haipunguzi kazi. Inavuta ampea zaidi ili itimize ileile, inapata joto, na siku moja harufu ya vanishi iliyoungua inajaza kibanda. Fezi moja ikikatika, inanguruma bila kuzunguka, na mwendeshaji asiyewahi kuizima atatafuta hela ya kufungwa koili upya. Ndiyo maana swali la kwanza kabla ya kumimina mahindi ni kama umeme una nguvu. Kuwapo tu hakutoshi.

Volti hushuka kadiri njia inavyokuwa ndefu na mzigo unavyokuwa mkubwa. Songea iko mwisho wa mkono mrefu wa gridi. Jenereta la maji lililo karibu na mzigo, hata kama ni dogo, hupandisha volti pale pale zinapohitajika na kupunguza umeme unaopotea njiani. Na njia moja ikipigwa na radi au nguzo ikianguka kati ya Makambako na Madaba, mtambo wa karibu ndio pekee wenye uwezo wa kubakiza hospitali na pampu za maji zikiwaka, iwapo umewekewa vidhibiti vya kujitegemea na kuna utaratibu wa kuchagua nani apewe kwanza. Bila vidhibiti hivyo mtambo hujizima pamoja na gridi, na mto unaendelea kupita bure huku mji uko gizani.

Mradi wa kuendeleza njia kutoka Songea kupitia Tunduru hadi Masasi unalenga kupunguza unyonge huu kwa kuiunganisha Ruvuma na upande wa Mtwara, kwenye gesi. Njia mbili ni bora kuliko moja. Hata hivyo thamani ya uniti inayofuliwa hapa isipimwe kwa bei ya uniti inayofuliwa mbali. Ipimwe kwa kazi inayofanya mahali ilipo.

Ghala na shamba

Mitambo ya maji iko ya aina mbili, na tofauti yake mkulima wa mahindi wa Songea ataielewa haraka. Mtambo wenye bwawa kubwa ni kaya yenye ghala: inavuna masika na kula kiangazi. Mtambo unaotegemea mtiririko wa mto, wenye banio dogo tu, ni kaya inayokula moja kwa moja kutoka shambani. Ruvuma ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza mwishoni mwa mwaka na kuisha kati ya Aprili na Mei. Mito inakuwa dhaifu kabisa Oktoba na Novemba. Mtiririko ukishuka hadi theluthi, umeme nao unashuka hadi theluthi, kwa kuwa kimo hakibadiliki. Megawati zilizoandikwa kwenye kibao cha mtambo ni za siku njema. Kinachomlisha mteja ni uniti za mwaka mzima.

Hata ghala kubwa halitoi kila siku kwa kipimo cha mlango wake. Bwawa la Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022, mashine yake ya kwanza ikaingia kwenye gridi Februari 2024, na ya mwisho mwaka 2025. Uwezo wake ni megawati 2,115, lakini umeme uliotarajiwa kwa mwaka ni kama gigawati-saa 6,000. Fanya hesabu: mashine zote tisa zikizunguka bila kupumzika mwaka mzima zingetoa zaidi ya gigawati-saa 18,000. Maana yake Rufiji ina maji ya kutosha theluthi tu ya kazi hiyo. Si kasoro, mashine nyingi zimewekwa ili kubeba jioni nzito. Kasoro ni ya msemaji anayehesabu megawati 2,115 kana kwamba zipo usiku na mchana.

Ghala nalo huisha. Bwawa la Mtera lilijengwa kuhifadhi maji ya Mto Ruaha Mkuu kwa ajili ya Kidatu, na baadaye likawekewa mitambo yake ya megawati 80. Kina chake cha chini kabisa cha kufulia umeme ni mita 690 juu ya usawa wa bahari. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya umeme wa gridi ilitoka kwa maji, mpaka gesi ya Songosongo ilipoanza kutumika mwaka 2004. Huko juu, katika bonde la Usangu, kilimo cha umwagiliaji na mifugo vilikuwa vimeongezeka, na tangu miaka ya 1990 Ruaha Mkuu ulianza kukauka wakati wa kiangazi. Ukame wa 2005 na 2006 ulipogonga, maji ya Mtera yakashuka mno hadi nchi ikaingia mgao mkali. Katika haraka ya kutafuta mitambo ya dharura ndipo likazaliwa sakata la mkataba wa kampuni ya Richmond, lililomfanya Waziri Mkuu Edward Lowassa ajiuzulu Februari 2008. Ukitaka kujua uharibifu wa chanzo cha maji unaweza kufika wapi, mfano ni huo: kutoka mfereji wa mpunga hadi kwenye kiti cha Waziri Mkuu.

Jirani zetu wameonja pia. Mwaka 2024 Zambia iliwapa watu wake umeme kwa saa chache tu kwa siku baada ya ziwa la Kariba kushuka. Malawi ilipata pigo la upande mwingine: Januari 2022 mafuriko ya kimbunga Ana yalibomoa sehemu ya bwawa la Kapichira kwenye Mto Shire, na nchi ikapoteza karibu theluthi ya umeme wake kwa siku moja. Shire unatoka Ziwa Nyasa, ambalo Mto Ruhuhu wa kwetu unalilisha. Maji machache yanaua umeme. Maji mengi yaliyoshuka kwa pupa kwenye milima iliyo uchi yanaua pia.

Bili inayokaa Matogoro

Kutoka Mjimwema milima ya Matogoro inaonekana bila darubini. Hapo ndipo unapoanza Mto Ruvuma, ambao baada ya safari ndefu unakuwa mpaka wetu na Msumbiji na kuingia Bahari ya Hindi. Hapo pia unaanza Mto Ruhira, ambao Mamlaka ya Maji Songea, SOUWASA, inautegemea. Na hapo, upande mwingine wa mgongo wa milima, unaanza Luegu, unaoshuka kaskazini kukutana na Kilombero na kuzaa Rufiji. Tone la mvua likianguka hatua chache huku linapita Tulila. Likianguka hatua chache kule linaelekea Bwawa la Nyerere.

Tusitie chumvi. Maji ya Rufiji kwa zaidi ya nusu hutoka Kilombero. Luegu huchangia kama asilimia 18, na Matogoro ni sehemu ndogo ya Luegu. Msitu wa Matogoro peke yake hauwezi kujaza wala kukausha bwawa la mita za ujazo bilioni 33. Lakini kwa Tulila na kwa bomba la SOUWASA, Matogoro ndiyo kila kitu. Na hadithi ya Matogoro ndiyo hadithi ya kila kilima kinachochangia Rufiji, kuanzia Njombe hadi Mahenge: kila kimoja ni kidogo mno kubebeshwa lawama, na vyote kwa pamoja ndivyo bwawa.

Msitu unafanya nini hasa? Kampeni nyingi husema miti huleta maji, na hapo hukosea. Mti wenyewe hunywa maji. Msitu mnene hupunguza jumla ya maji yanayofika mtoni kwa mwaka. Faida yake ni nyingine: udongo wake wa majani na mizizi hupokea mvua ya Januari na kuiachia taratibu mpaka Oktoba, na hushikilia udongo usishuke. Kwa mtambo usio na bwawa, mlima wenye msitu ndio bwawa lake. Ndiyo sababu kupanda mikaratusi kwenye chemchemi ni kujidanganya. Inakua haraka, inapendeza kwenye picha za siku ya kupanda miti, na inafyonza maji yaleyale tuliyotaka kuyalinda. Kinachofaa ni miti ya asili, na mara nyingi inatosha kuiacha iote yenyewe kwa kuzuia moto na jembe.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 imeweka bodi za mabonde, yetu ikiwa ni Bonde la Mto Ruvuma na Pwani ya Kusini, na kila anayetumia maji kwa uzalishaji anapaswa kuwa na kibali na kulipa ada. Kinachokosekana ni mnyororo unaorudisha fedha hiyo mlimani kwa namna ambayo mwenye shamba pembezoni mwa msitu ataiona. Tunamwambia aache bustani ya mboga ya mita 60, iliyo na maji mwaka mzima, ili mashine ya mtu mwingine izunguke. Akiuliza atapata nini, anajibiwa kwa bango. Mtu mwenye njaa halindi chanzo cha maji kwa bango.

Sisemi umeme wa maji hauna madhara mengine. Pale Kihansi, maji yalipochepushwa kuingia kwenye mitambo, ukungu wa maporomoko ulipungua, na chura mdogo aliyekuwa hapo tu duniani, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1996, alitoweka porini. Ugonjwa wa kuvu nao ulichangia. Waliokuwa wamehifadhiwa Marekani wakazalishwa huko, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa. Nchi ilijifunza kwa gharama kwamba maji yanayoachwa yapite mtoni nayo yana kazi. Kwa miradi inayotajwa katika mkoa wetu, kama Masigira wa megawati 118 na Kikonge wa megawati 300, yote kwenye Mto Ruhuhu, somo hilo lije mapema.

Shilingi moja

Pendekezo langu ni dogo kwa makusudi. Kila uniti inayofuliwa kwa maji ichangie shilingi moja kwa chanzo chake, fedha hiyo ikae kwenye bodi ya bonde katika akaunti ya peke yake, na iende kwa vijiji na mitaa inayopakana na misitu ya vyanzo, kwa mkataba unaopimika: eneo lililoachwa bila kulimwa, moto uliozuiwa, mikaratusi iliyong'olewa.

Tulila ikifanya kazi kwa wastani wa nusu ya uwezo wake, itafua kama uniti milioni 22 kwa mwaka. Hiyo ni shilingi milioni 22 kwa upande wa Matogoro, fedha ya kuwalipa walinzi wa msitu na kununulia mizinga na miche ya parachichi kwa waliotoka ndani ya mita 60. Bwawa la Nyerere, kwa uniti bilioni 6, lingetoa shilingi bilioni 6 kila mwaka kwa milima yote inayolilisha. Kaya ya Mjimwema inayotumia uniti 75 kwa mwezi ingelipa shilingi 75 zaidi, fedha ambayo hainunui hata andazi.

Pamoja na hilo kuna kazi isiyohitaji kodi. Vipimo vya mtiririko wa Ruvuma, Ruhira na Luegu visomwe kila siku na kubandikwa mahali watu wanapoviona, kama vile bei ya mahindi inavyotangazwa. Mto usiopimwa hauwezi kutetewa, na mwekezaji makini wa mtambo mdogo atataka kuona takwimu za miaka mingi kabla ya kuleta mtaji wake. Mkataba wa kila mtambo mdogo ulio mwisho wa njia uweke sharti la vidhibiti vya kujitegemea gridi inapokatika, na bei yake itambue kazi hiyo.

Kabla ya kubadilisha bei ya umeme, EWURA huitisha wadau watoe maoni. Kwa kawaida tunakwenda kulalamikia bei ikipanda, na tuna haki. Safari ijayo, madiwani wa Songea, SOUWASA, watawa wa Chipole na wenye mashine za kusaga waende na ombi la kuongezewa shilingi moja, wakiwa na ramani ya Matogoro mkononi na majina ya mitaa inayostahili kulipwa. Watakuwa wateja wa kwanza nchini kuomba bili. Waliotumia dizeli miaka yote ile bila kuiona bili yake wanajua kwa nini ni afadhali kuiona.